Nguru 40, kilo 186.4: kwenye programu ya stoo niingize samaki au kilo?

StooYaMwambao

Assalaam aleikum wadau, na shikamooni wakubwa wa hesabu.

Duka lipo Tanga mjini, lina chumba kimoja cha baridi na majokofu manne. Mzigo tunautoa Deep Sea, mara nyingine Kigombe na Pangani: nguru, kolekole, changu, chewa, tasi, pweza, ngisi, na kambamti kwa msimu. Mnadani tunalipa kwa fungu au kwa samaki mmoja mmoja, si kwa kilo. Mizani tunakutana nayo dukani. Wateja wapo wa aina mbili. Hoteli hutoa oda kwa idadi ("nguru sita, wasizidi kilo tano kila mmoja") lakini hulipa kwa kilo. Wa kaunta huchagua samaki wake, anapimiwa, analipa.

Tumeanza na programu ya Odoo, ila ERPNext, nayo ya aina hiyo hiyo, bado tunaiangalia. Aliyetuwekea bidhaa ameweka kipimo cha nguru kuwa "samaki", kisha akaandika kwamba samaki 1 = kilo 4.5. Sasa programu inasema tuna nguru 11, na kwenye barafu kweli wapo 11, lakini kilo hazikubaliani na pesa haziingii akilini. Wakubwa wanaonyesha faida nono, wadogo wanaonyesha hasara.

Naomba kujua: kipimo kikuu kiwe kipi? Kila samaki apewe namba yake au inatosha namba ya mzigo? Na je, pweza na dagaa wafuate utaratibu huo huo?

Hesabu_Pwani

Waaleikum salaam ndugu. Faida nono na hasara unazoziona zinatoka kwenye hiyo 4.5, wala usizitafute kwingine.

Chukua huo mzigo wa kwenye kichwa cha swali. Nguru 40, kilo 186.4, na tuseme mlilipa shilingi 1,677,600. Ukigawa kwa kilo, gharama ni 9,000 kwa kilo. Ukigawa kwa samaki, ni 41,940 kwa kila mmoja. Mteja akichukua nguru wa kilo 7.8 kwa 13,000 kwa kilo, analipa 101,400. Programu inayohesabu kwa samaki inatoa 41,940 na kukuonyesha faida ya 59,460. Gharama ya kweli ya samaki yule ni 70,200, kwa hiyo faida ni 31,200. Halafu anauzwa yule wa kilo 2.1 kwa 27,300, programu inatoa tena 41,940 na kulia hasara ya 14,640, wakati kwa kweli ameacha faida ya 8,400. Mzigo wote ukiisha jumla inakuja sawa. Ila mwisho wa mwezi ukikuta wakubwa wameuzwa na wadogo wamebaki kwenye barafu, mizania inadanganya: faida imetiwa chumvi, na stoo imebeba thamani isiyokuwepo.

Na hiyo 4.5 ina dhambi nyingine. 40 mara 4.5 ni kilo 180. Kilo 6.4, yaani shilingi 57,600, hazijaingia kitabuni kabisa. Zitajitokeza siku ya kuhesabu mali kama "ziada", na mtu atafurahia kitu ambacho alikilipia mwenyewe.

Kanuni ninayoisimamia ni hii: kipimo kikuu cha stoo ni kile kinachobeba pesa. Nyinyi mnauza kwa kilo, basi kilo ndiyo stoo, na desimali tatu. Idadi ya samaki iandikwe pembeni kama taarifa ya pili, isiyobadilishwa kuwa kilo kwa hesabu yoyote ile. Uhusiano kati ya samaki na kilo unapimwa kila mara kwa mizani. Kreti ya soda ni chupa 24 leo na kesho, nguru hana ahadi hiyo.

Ununuzi wa mnadani usikusumbue. Unalipa fungu, unapima, unagawa. Fungu la 350,000 likitoka kilo 41.3, bei ya kilo ni 8,474.576 na mkia wake. Usiiviringishe kuwa 8,475, kwa sababu ukizidisha tena utapata 350,017.50 na ankara haitalingana na pesa iliyotoka mfukoni. Ruhusu desimali za kutosha kwenye bei ya ununuzi.

BintiSahare

Naungana na Hesabu_Pwani kuhusu kilo. Naongeza upande wa mipangilio, maana hapo ndipo watu hukwama.

Kwanza uelewe programu ipi ina nini. Microsoft Dynamics 365 Supply Chain Management inabeba vipimo viwili kwa bidhaa moja tangu mwanzo, kwenye menyu utaona pameandikwa "catch weight". Unaweka uzito wa kawaida, wa chini na wa juu kwa kipande, na kila muamala unadai idadi pamoja na uzito. SAP nayo inao utaratibu wa jina hilo. Odoo na ERPNext zikiwa kama zilivyo hazina. Zina kubadilisha kipimo kwa uwiano usiobadilika, na ndio huo uliokuletea 4.5. Kwa duka la majokofu manne sioni sababu ya kukimbilia mifumo mikubwa. Kinachokosekana kinazibika.

Kwenye Odoo: bidhaa "Nguru", kipimo kilo, kununua kilo, kuuza kilo. Nenda kwenye usahihi wa desimali, kipimo cha bidhaa kwa kawaida kinakuja na desimali mbili, weka tatu. Angalia pia mviringo (hatua ya kukadiria desimali) wa kipimo cha kilo chenyewe, kama toleo lako linao, kiwe 0.001. Usipofanya hivyo, samaki wa 2.345 ataandikwa 2.35 na lebo haitafanana na ankara.

Ufuatiliaji uwe wa bechi (namba ya mzigo), usiwe wa namba ya pekee (namba ya kitu kimoja kimoja). Hapa wengi wanaanguka: namba ya pekee inakubali kiasi cha 1 tu kwa kila namba. Bidhaa ikiwa kwa kilo, ukijaribu kumwingiza nguru wa 4.660 chini ya namba ya pekee programu itakukatalia, na watu hapo huamua kurudi kwenye kipimo cha "samaki". Bechi inakubali kiasi chochote. ERPNext ni vilevile, namba ya pekee ni kwa vitu vizima na bechi inapokea desimali.

Idadi ya samaki: Odoo kuna moduli (nyongeza za programu) za kipimo cha pili kutoka OCA, jumuiya ya watengenezaji wa Odoo, zinaongeza kisanduku cha idadi kwenye oda na kwenye stoo. ERPNext unaongeza kisanduku chako mwenyewe "Idadi" kwenye mistari ya kupokea mzigo na ya kukabidhi mzigo. Kumbuka kisanduku hicho hakiingii kwenye daftari la stoo lenyewe, kwa hiyo lazima utengeneze ripoti inayojumlisha walioingia, kutoa waliotoka, kwa kila bechi. Bila ripoti hiyo kisanduku ni pambo tu.

Oda za hoteli: "nguru sita" unaiandika kama makadirio, tuseme kilo 28, na kwenye maelezo ya mstari unaandika "samaki 6, kila mmoja asizidi kilo 5". Mpangilio wa ankara uwe kwa kiasi kilichokabidhiwa, sio kilichoagizwa. Ukipima na kupata 29.340, unaandika 29.340 kwenye makabidhiano na ankara inatoka 381,420 kwa bei ya 13,000. Ukipata 26.900, programu itauliza kama iandae deni la kilo 1.100 zilizobaki. Jibu hapana. Samaki sita wameshatimia, ukijibu ndiyo utabeba vijideni vya gramu kwenye orodha ya oda mpaka mwisho wa mwaka.

FundiMizani

Habari za jioni wadau. Programu nzuri juu ya mizani mbovu haina maana, kwa hiyo niseme la mizani.

Mnahitaji mbili. Ya kupokelea mzigo, kilo 60 au 150, na ya kaunta, kilo 15. Mizani ya daraja la III (daraja la usahihi la mizani za biashara) ya kilo 15 kwa kawaida inasoma kwa hatua za gramu 5, ya kilo 60 kwa gramu 20, ya kilo 150 kwa gramu 50. Uzito wa chini unaokubalika kupimia ni hatua 20, kwa hiyo ile ya 150 usiipimie chochote chini ya kilo 1, na tasi wa gramu 300 asiwekwe peke yake hata kwenye ya 60. Mpokee kwa kreti, muuze kwa mizani ya kaunta.

Uzito wa chombo ndio unaowala watu. Kreti kavu ya kilo 1.85 ikishaloa na kubakiwa na vipande vya barafu inafika kilo 2.3. Programu au mizani ikitoa 1.85 iliyohifadhiwa, kila kreti inakupa gramu 450 za maji kwa bei ya samaki. Kreti 12 ni kilo 5.4, na kwa 9,000 ni shilingi 48,600 ambazo stoo inadhani inazo. Pima kreti tupu ikiwa imeloa kama itakavyotumika, ikung'ute barafu, kisha urudishe sifuri.

Pweza ana jambo lake. Akikaa ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka anakunywa maji na uzito unapanda, halafu akigandishwa na kuyeyushwa anayatema. Mpime akiwa amening'inizwa au amelala kwenye kreti yenye matundu mpaka maji yaache kutiririka, na muda huo uwe uleule kila siku, tuseme dakika 10. Hapohapo watenge walio chini ya gramu 500, kanuni za uvuvi haziwaruhusu, wasiingie kwenye programu kabisa.

Mizani ya biashara inahakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, stika iwepo na isomeke. Weka mbali na feni na mlango unaotazama bahari, upepo unachezesha hatua moja mbili bila wewe kuona. Mwisho wa siku ifute kwa maji matamu, chumvi inakula kiungo cha chini kinachobeba sahani.

Sasa lebo. Mizani ya kaunta inayochapa lebo inaweza kubeba uzito ndani ya bakodi. Namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya maduka. Odoo ikiwa kama ilivyo inasoma 21 kama uzito wenye desimali tatu. Mfano: 2100042023505. 21 ni alama ya uzito, 00042 ni namba ya bidhaa, 02350 ni kilo 2.350, na 5 ya mwisho ni ya kuhakiki. Kwenye kadi ya bidhaa usiandike namba hiyo, andika ile yenye uzito sifuri na tarakimu yake ya kuhakiki iliyohesabiwa upya: 2100042000001. Watu huacha ile 5 mwishoni, skana inalia, bidhaa haionekani, kisha lawama inakwenda kwa skana.

Karatasi ya joto ya kawaida haifai kwenye barafu, inafifia na kubanduka. Tumia lebo za plastiki zinazochapwa kwa utepe.

StooYaMwambao

Nimewaelewa vizuri sana, Mungu awabariki. Yamebaki mawili. Nguru wa hoteli tunawatoa matumbo, wengine tunawakata vipande na kuuza vichwa mbali. Kilo zinapungua, gharama inakwenda wapi? La pili, kuna bechi samaki wameisha lakini programu bado inaonyesha kilo 1.350. Nifute tu?

Hesabu_Pwani

La kwanza: gharama haipungui kwa sababu matumbo yametupwa, inahamia kwenye kilo zilizobaki. Nguru 10 wa kilo 48.2 kwa 9,000 ni 433,800. Wakitoka kilo 43.4 baada ya kutolewa matumbo, kila kilo sasa inabeba 9,995. "Nguru mzima" na "nguru aliyesafishwa" ni bidhaa mbili, na kati yake kuna hati ya uzalishaji: ingiza 48.2, toa 43.4. Ukiwasafisha bila hati, zile kilo 4.8 zitaonekana zimeibwa.

Vipande na vichwa vinataka kugawana gharama, na usigawe kwa kilo. Kichwa kikibeba gharama sawa na kipande, utaona vichwa vinaleta hasara na vipande vinang'ara kupita kiasi. Gawa kwa thamani ya mauzo. Tuseme wale wale 48.2 wametoa vipande kilo 36 vya 16,000, yaani 576,000, na vichwa kilo 6.2 vya 5,000, yaani 31,000. Jumla 607,000. Vipande vinabeba asilimia 94.9 ya gharama, vichwa 5.1. Kipande kinaangukia kama 11,435 kwa kilo na kichwa 3,573. Kwenye Odoo, vichwa vinawekwa kama zao la pembeni na kuna kisanduku cha asilimia ya gharama, andika 5.1 hapo. Asilimia hiyo muipime upya kila bei zikibadilika kwa kiasi cha maana.

La pili: usifute kimyakimya. Samaki 0 na kilo 1.350 maana yake mzigo umepoteza maji, au mtu alipima vibaya mahali fulani. Funga bechi kwa marekebisho yenye sababu "upungufu wa uzito" na akaunti yake ya gharama. Kwa mzigo wa 186.4 hiyo ni asilimia 0.7, kwa samaki wa kwenye barafu haishangazi. Anzeni na kikomo cha asilimia 2, kisha mkirekebishe kwa takwimu zenu kwa kila aina. Kinachostahili kuchunguzwa ni hali ya kinyume: kilo 0 na samaki bado wawili kwenye barafu. Hapo kuna mteja aliandikiwa kilo nyingi kuliko alizochukua, au kreti ilipokelewa pungufu.

Mkadiriaji_TNG

Samahani wakubwa, nina mawazo tofauti kidogo kuhusu bechi moja kwa mzigo mzima. Kwa samaki wa kilo 5 na zaidi (jodari, nguru wakubwa, chewa wakubwa) ningempa kila mmoja bechi yake. Hoteli ikisema "wasizidi kilo saba", mwenye stoo asifukue barafu kutafuta, atazame orodha: NG-0611-07, 6.820. Mlango wa chumba cha baridi unafunguliwa mara moja. Na mkinunua mnadani kwa samaki mmoja mmoja, kila mmoja ana bei yake halisi. Odoo kuanzia toleo la 18 inaweza kuthamini kwa bechi, kwa hiyo hamlazimiki kuwachanganya kwenye wastani.

Kibandiko chenye namba zilizochapwa tayari, kamba ya plastiki ipite mdomoni itokee kwenye shavu. Kazi ya kuandika ni sekunde chache kwa samaki.

BintiSahare

Kwa jodari na chewa wakubwa nakubali, kaka. Kwa changu na tasi, hapana. Tenga moja la tasi lina samaki zaidi ya mia. Mtu wa kaunta atachoka siku ya tatu, ataanza kuuza kwa namba iliyo karibu badala ya iliyo kwenye samaki, na hapo orodha inakuwa mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Kwa hiyo StooYaMwambao, msitafute utaratibu mmoja wa duka zima. Mimi ningegawa hivi: wakubwa, kilo na bechi kwa kila samaki. Nguru wa kati, kolekole, changu na pweza, kilo na bechi kwa mzigo wa siku, na idadi pembeni. Tasi, ngisi, kambamti na dagaa, kilo na bechi ya siku, bila idadi kabisa, maana hakuna mteja anayeuliza idadi ya dagaa. Na nguru wenyewe wakiwa na bei tofauti kwa ukubwa, wafanye bidhaa tatu: chini ya kilo 3, 3 hadi 6, zaidi ya 6. Bei ya wastani haitawachanganya tena na oda ya hoteli inaangukia mahali pake.

Bidhaa za zamani zenye 4.5 msijaribu kuzibadilisha kipimo. Zikishakuwa na miamala, matoleo mengi ya Odoo hayatawaruhusu, na ERPNext nayo itagoma. Tengenezeni bidhaa mpya. Chagueni jioni ambayo stoo iko chini, pimeni kila kilichopo, ingizeni kilo na idadi kwenye bidhaa mpya kwa gharama ya kilo ya mizigo ya mwisho. Za zamani zipelekeni sifuri kwa marekebisho ya tarehe hiyo hiyo, kisha zifungwe zisionekane kwenye kaunta. Hao nguru 11 waanzeni nao, wapimeni mmoja mmoja.